Gari Lililopimwa kwa Kamba ya Mtoto

Michenga, Ifakara
9 Desemba 1912

Baba Digna,

Usigeuke nyuma kutafuta anayeitwa. Ni wewe. Umepata binti.

Amezaliwa mvua za kwanza zikianguka. Mama yako alinishika mabega, akanigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilipolia alisema, "Lia baadaye, sasa kuna kazi." Siku hizi anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu nilijikaza kuliko yeye siku alipokuzaa wewe. Mbele yangu hasemi.

Mtoto tumembatiza Digna. Ana kidevu chako, na ananyonya kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Mimi nimechoka, sikufichi. Nikikaa nasinzia, nikisimama nasinzia. Juzi nilisinzia na mwiko mkononi, ugali ukaungua, mama yako akaula wote bila kusema neno. Hapo nikaogopa kweli.

Mpunga tumeshapanda, usiwe na wasiwasi nao.

Sasa sikiliza. Mama anasema katika ukoo wenu mtoto akizaliwa baba yuko safarini, baba hupelekewa urefu wake. Nimesokota kamba ya gome la myombo, tukamlaza Digna mkekani, tukampima toka utosini hadi kisiginoni, naye akanipiga teke la mdomo. Fundo la kwanza ni utosi, la katikati kitovu, la mwisho kisigino. Ishike kwa mikono miwili mbele yako, utaona anavyochukua nafasi. Akikua nitatuma nyingine, maana ndivyo inavyofanywa mpaka baba arudi.

Barua na kamba anazo Ponsiano, yule mpagazi wa misheni. Na usije ukafurahi mpaka ukafanya ujinga. Umeweka mkataba na huyo Bwana Mjerumani hadi kiangazi, basi hadi kiangazi. Unajua wanachofanywa wanaotoroka. Unajua pia jumbe wa kijiji huenda kumshika nani anapomkosa mtoro.

Mkeo,
Aurelia


Kilosa
6 Januari 1913

Mama Digna,

Barua nimeisoma nimesimama mbele ya fuawe ninapofulia chuma, nikaisoma tena nimekaa chini, halafu nikamsomea Ildefonce, fundi mwenzangu, ambaye hakuomba kusomewa. Nilipomwonyesha kamba akasema, "Mbona mrefu hivi? Una hakika hawakupima mbuzi?" Nikamwambia ukoo wetu ni warefu. Akanitazama juu mpaka chini, akaendelea kuvuta mivukuto ya kupulizia moto.

Mwambie mama nimemwekea maneno yote ya shukrani ninayoyajua. Wewe nakuambia moja tu: pumzika. Ugali uungue.

Huku kuna jambo jipya. Bwana amenunua motokaa. Imekuja kwa gari moshi toka Dar es Salaam, na si mpya hata kidogo. Imepita mikononi mwa mabwana wengine, na ukiitazama utasema wote walikuwa vipofu. Mbele ina bapa refu la chuma la kuikinga ikigonga kitu, na nyuma ina jingine. Vyuma hivyo vina jina la Kijerumani refu kama Kwaresima, kwa hiyo sisi tunaviita kifua na mkia. Wa mwisho aliyeiendesha aligonga kichuguu. Kifua kimekwenda upande: kushoto kimeingia ndani kinakaribia gurudumu, kulia kimetokeza. Motokaa inaonekana kama mtu anayenuna. Mkia nao unaning'inia, barabarani unapiga kelele kama sufuria lililofungwa kwa mbwa.

Mimi ndiye niliyepewa kuvinyoosha. Na hapa ndipo penye habari. Kiangazi Bwana anataka kuendesha hadi Ifakara kutazama ardhi ya pamba, na amesema aliyeitengeneza atakwenda nayo, asije akaachwa porini. Mkataba wangu utaishia hukohuko, mlangoni kwetu. Kwa hiyo kila nyundo ninayopiga, napiga kuja nyumbani.

Nimeanza kwa kukosea. Nilinyoosha bapa lenyewe, kumbe halikuwa na ubaya. Iliyopinda ni mikono miwili ya chuma inayolishika kwenye mwili wa gari. Sasa naifungua mmoja mmoja, naupasha moto, naupinda kidogo, naupima. Kipimo cha Bwana amekifungia ndani, basi mimi natumia kamba ya Digna. Kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye bapa ni Digna mzima na vidole vitatu. Ildefonce amesema gari likianza kuota meno nisimwite.

Kazi ikiisha naitundika kamba palepale kwenye kifua cha gari, isipotee. Gari liko kwenye banda lisilo na kuta, kwa hiyo hata nikipita kwenda kula naiona.

Mumeo,
Fridolin


Michenga
20 Februari 1913

Baba Digna,

Tuko wazima. Kamba ya pili ndiyo hii, nimempima leo. Mvua nyingi, na Ponsiano amesimama mlangoni anasema mto unapanda, nisipomaliza anaondoka. Mama anakusalimu. Hongera ya motokaa.

Aurelia


Kilosa
14 Machi 1913

Mama Digna,

Niambie kweli.

Nimezilaza kamba mbili pamoja, utosi kwa utosi. Kamba ya Februari ni fupi kuliko ya Desemba. Nikazigeuza, nikazilaza tena. Nikamwita Ildefonce, sikumwambia chochote, nikamuuliza tu ipi ndefu. Akaonyesha ya Desemba. Akaniangalia usoni, na siku hiyo hakutania.

Najua mtoto hafupiki. Lakini mimi nimemwona aliyefupika. Baada ya vita vya Maji Maji, maghala yetu yalipochomwa, mdogo wangu aliyekuwa ananifikia begani akawa ananifikia kiunoni. Magoti hayakunyooka tena. Siku moja nilitumwa misheni kuomba nafaka, niliporudi mkeka wake ulikuwa umekunjwa. Mama akaniambia amepelekwa kwa bibi, ng'ambo ya mto. Nikawa nakwenda ukingoni kumwangalia, labda atatokea kunipungia. Nilikwenda siku nyingi kabla sijaelewa kwamba bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo nikiona barua ya mistari michache, maandishi yanateremka kama yanaanguka, halafu imeandikwa "tuko wazima", mimi nasoma "yuko kwa bibi". Maziwa yamekauka? Ni homa? Mpunga umeharibika? Sema. Ukinificha hili sitajua namna ya kukusamehe.

Motokaa inanikataa. Nimekwisha ipinda upya mikono yake zaidi ya mara moja, na kila nikirudisha kifua kinakaa upande. Sijui nafanya kosa gani. Akili yangu haipo hapa.

Fridolin


Michenga
30 Machi 1913

Baba Digna,

Barua yako nimeisomea shambani, juu ya kichanja cha kufukuzia ndege, Digna mgongoni, kombeo mkononi. Nimelia. Halafu nimekasirika, na hasira imekaa kuliko machozi.

Barua ile ilikuwa fupi kwa sababu Ponsiano alikuwa ananihimiza kama askari. Maandishi yaliteremka kwa sababu niliandikia juu ya goti, na goti hilohilo lilikuwa linambembeleza mtoto. Siri yote ndiyo hiyo. Hakuna nyingine.

Mwanao ni mnene. Ana mikunjo ya mapaja ambayo lazima niikunjue nikimwogesha. Amekata ushanga wa mama yako, na mama yako, ambaye mimi nikivunja kikombe hunitazama siku nzima, alicheka. Nimempima tena leo kwa kamba nyingine, akavuka alama ya Februari niliyoiweka mkekani. Kwa nini hiyo yako ni fupi, sijui. Sikuikata. Mafundo yote nimeyafunga kwa mkono wangu. Mama yako anasema, "Huyo tangu utotoni ukimpa samaki agawe, kipande kikubwa huwa ndicho kilicho karibu naye. Macho yake hayajawahi kupima kitu sawasawa."

Lakini nilipomsomea habari ya mdogo wako aliacha kupepeta. Alikaa na ungo wake mapajani. Mwishowe akasema, "Mwambie safari ile nilisema kwa bibi kwa sababu yeye naye alikuwa amebaki mifupa, na niliogopa akijua atamfuata. Mwambie sasa ni mtu mzima. Ningemwambia."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Mimi ninaamka kabla ya ndege na ninalala baada yao. Ninampa mtoto wako mwili wangu mchana na usiku. Halafu unaniuliza kama ninamwacha anyauke na kuandika barua za kuficha? Ungekuwa karibu ningekuwekea ungo kichwani.

Nakuonea huruma, mume wangu. Ningekuwa mbali hivyo na mimi ningepima kamba mpaka ikatike. Lakini usithubutu kutoroka. Ukija mtoro utamwona mtoto huyu kwa kuchungulia, ukiwa umejificha ghalani, halafu askari watakuja. Mimi sitaki mgeni wa ghalani. Nataka baba anayeingia kwa mlango.

Kula vizuri.

Mkeo,
Aurelia


Kilosa
12 Aprili 1913

Mama Digna,

Nimesoma. Maneno yako ni mazuri, na ndiyo yanayonitisha, maana hata yale ya kwa bibi yalikuwa mazuri. Kamba haina mapenzi na mtu. Ningependa kukuamini wewe badala yake, nimejaribu, na kila asubuhi naikuta palepale, fupi.

Kifua cha gari bado kiko upande. Msimamizi amekasirika, na hasira yake sitaiandika.

Mwezi ukiandama nitaondoka. Nitapita njia ya Kidodi. Usinijibu, barua haitanikuta.

Fridolin


Michenga
27 Aprili 1913

Kwa mwanangu Fridolin,

Mimi mama yako Tekla nasema, na binti wa jirani, Klementina, anaandika. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinitie lugha ya shule.

Barua hii unaletewa na mkeo mwenyewe. Ameisoma ile yako ya kutoroka, akaifunga mtoto mgongoni. Yaani amemfunga mtoto, Klementina anaandika kwa haraka. Nilimwambia mito imejaa. Akasema, "Mama, yeye haamini maneno, basi nampelekea mtu." Nikamwambia mpunga unaiva, nitafukuzaje ndege peke yangu na miguu hii? Akasimama pale mlangoni, nikaona amekonda, si mtoto aliyekonda, ni yeye. Nikamfungia samaki wakavu. Nikamwambia nenda.

Wanakwenda na Ponsiano na wenzake.

Baba yako alikuwa hasikii akiambiwa na mkewe. Wewe sikia. Mtazame mtoto, halafu mtazame na mama yake.

Ndimi mama yako,
Tekla

Na mimi Klementina nakusalimu, shikamoo kaka.


Kivukoni, mto Ruaha
2 Mei 1913

Baba Digna,

Karatasi hii namwachia mwenye mtumbwi, kwa kuwa kila atokaye Kilosa lazima avushwe naye. Nimemwambia ulivyo: mfupi, kovu la moto kwenye kiwiko, unatembea ukitazama chini kama umeangusha sindano. Kama tumepishana njiani na sasa unasoma hapa, geuka. Rudi ulikotoka kabla hawajakutafuta. Mimi na Digna tutakuwa tumekaa pale karakana tunakungoja, na yeye njaa ikimshika hangoji mtu.

Tumelowa wote. Yeye anaona ni mchezo.

Aurelia


Kilosa
3 Mei 1913

Mama Digna,

Sijaondoka. Barua hii nampa mpagazi mwingine kwa kuwa Ponsiano hajarudi, na namwomba Mungu iuwahi mwezi, usije ukakaa unanitazamia njiani.

Mzigo nilikuwa nimeufunga. Lakini nilisema siwezi kuondoka nikaacha kazi imepinda, watu waseme sisi Wandamba hatujui chuma. Nikaamua nijaribu mara ya mwisho. Mkono wa kushoto niliupima asubuhi mapema, kama ninavyofanya siku zote, umande ukiwa bado unadondoka kwenye kamba. Nikaufunga. Wa kulia ulihitaji moto, kwa hiyo niliupima adhuhuri, jua kali. Nikaufunga. Nikarudi nyuma nikatazama. Upande! Uleule!

Niliitupa kamba chini. Ildefonce akaacha nyundo yake, akaenda akachomoa ufito kwenye paa la banda, akapima kushoto, akauwekea alama, akapeleka kulia. "Kushoto ni kufupi," akasema. Nikamwambia haiwezekani, kamba inasema ni sawa. Akasema, "Basi hapa kuna mwongo, na mimi huu ufito nimeujua miaka."

Kesho yake alfajiri tukaipima kamba yenyewe kwa ule ufito, tukaipima tena mchana. Asubuhi ilikuwa fupi. Mchana ilikuwa ndefu.

Gome lililosokotwa likinywa maji hunenepa, likinenepa hufupika. Nilikuwa nimeitundika nje kila siku kwenye umande, halafu nashangaa gari linanuna. Na ile ya pili! Ponsiano aliivusha mito yote ikiwa mkobani mwake, ikalowa, nami nikaifungia kwenye kopo ikiwa mbichi kama mtu anayetunza dhahabu. Wakati huohuo ile ya kwanza nilikuwa naivuta na kuikaza kwenye vyuma mpaka imerefuka. Nikaichukua ya Februari nikaitundika karibu na moto, nyundo ikining'inia mwishoni. Ya Desemba nikaitosa kwenye ndoo tunayopozea chuma. Zote mbili zilipokauka tulizilaza tena pamoja, na Digna wa Februari alimpita Digna wa Desemba kiganja kizima na zaidi.

Nilikaa kwenye majivu. Ildefonce aliinama chini ya gari akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Baba yangu alinyunyiziwa maji akaambiwa risasi hazitampata, akaenda bomani Mahenge, hakurudi. Miaka yote hii nimekuwa nikijisemea moyoni kwamba mimi nisingedanganywa na maji.

Kifua sasa kimekaa. Mikono yote miwili tumeipima kwa ufito. Matundu ya parafujo yalikuwa yamepanuka, ndiyo sababu mkia ulikuwa unaning'inia hata ukikazwa, basi nimekata vipande vya mviringo vya ngozi ngumu nikavitia katikati vishike. Ngozi nimeitoa kwenye kiboko kikuukuu kilichokatika, nilikikuta ghalani. Bwana alikuja, akafunga jicho moja, akatazama mbele, akatazama nyuma, akaenda kula. Kwake hiyo ni sifa.

Nisamehe. Ulisema kweli toka mwanzo, na mimi niliamini gome la mti. Kaa ndani, usitoke mvuani na mtoto. Kiangazi nakuja, kwa mlango.

Mumeo,
Fridolin


Kilosa
11 Mei 1913

Shikamoo Mama,

Klementina, msomee polepole, na akikuambia urudie, rudia.

Tumefika salama. Ponsiano alimbeba Digna kila mto, na kila mto Digna alimvuta masikio. Samaki wako walitosha.

Nilimkuta mwanao chini ya motokaa, anaonekana miguu tu. Miguu naijua. Nikasema, "Toka." Akatoka kwa haraka, akajigonga kichwa kwenye kile chuma alichohangaika nacho miezi yote. Nikamgeuzia mgongo aone nilichobeba. Alinyoosha mikono, ina masizi mpaka kwenye viwiko. Digna akamtazama zile ndevu, akapiga ukelele ambao nadhani hata huko umeusikia. Ildefonce akasema, "Urefu wake umemfaa fundi, lakini fundi mwenyewe amekataliwa." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikakaa chini kumnyonyesha Digna. Ndipo Fridolin akanieleza ya kamba na maji. Yaani alikuwa haondoki tena. Nimetembea njia yote ile kumzuia mtu ambaye alikuwa amekaa anakaza parafujo. Nilitaka kumpiga, nikakosa nguvu.

Barua yako nimempa. Aliisoma akiwa amenigeuzia uso kando.

Sasa yanakuja mengine, na sitakupamba maneno, kwa sababu ulisema mtu mzima aambiwe.

Nilitaka kumfulia shati. Hakutaka kulivua. Nikamwambia Baba Digna, vua. Akasema baadaye. Nikalivua mwenyewe. Mgongo wake, Mama. Kuna yaliyopona na kuna yasiyopona. Kumbe kila mara kifua cha gari kilipokaa upande, msimamizi alimlaza chini mbele ya wenzake. Alituandikia kurasa nzima kuhusu urefu wa kamba, mgongo wake hakuuandika hata neno. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Ungefanya nini, ungekuja?" Nikamwambia, "Mimi hapa."

Basi mimi niliyekuja kusema usitoroke, nikaanza kufunga mzigo. Nikamwambia tuondoke, sasa hivi, tulale porini. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tukiondoka, jumbe atagonga mlango wa nani?" Nikafikiri. Ni wako, Mama. Nikafungua mzigo.

Kwa hiyo nabaki hapa naye mpaka motokaa iondoke kiangazi, ndipo tutakuja. Nampaka mafuta, nampikia, namwosha mgongo kwa maji ya chumvi, naye anauma kitambaa na kusema haiumi. Mpunga mwachie Klementina na mama yake wavune, wachukue sehemu yao kubwa, wala usibishane nao. Ndege watakaokula wale. Siwezi kuwa kote, nimejaribu.

Kwa ajili ya mgongo ule hulala kifudifudi, shavu mkekani. Jana jioni Digna alikuwa anajiburuza, akamfikia usoni. Nadhani akiwa chini hivyo haonekani mkubwa. Akamtia kidole puani. Fridolin hakutikisika, alikuwa anapumua kidogokidogo kwa mdomo kama mtu anayemnyatia ndege. Akamtia na cha pili. Wakapitiwa na usingizi hivyohivyo, mkono wa mtoto umeshika sikio la baba yake, sikuthubutu kuwatenganisha.

Asubuhi hii kengele ya kazi imelia. Sikumwamsha. Nilikaa naandika barua hii. Baadaye akaja msimamizi, fimbo kwapani, akauliza fundi yuko wapi. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Yuko ndani na binti yake. Motokaa yenu imenyooka. Mwacheni na yeye ajinyooshe." Mguu wangu mmoja ulikuwa unatetemeka, nikaukanyagia wa pili asiuone. Akachungulia juu ya bega langu. Akatazama sana. Sijui aliona nini. Akaenda zake.

Huenda atarudi na maneno ya Bwana, au atarudi na fimbo. Nimeiacha barua kidogo nikaenda kutazama barabarani, hakuna mtu. Jua limekwisha fika kwenye mkeka, Mama, na bado hawajaamka.

Mwanao,
Aurelia